Safari Fupi, Matayarisho Marefu: Habari za Wanafunzi wa Vyuo Vikuu Waendao Ng'ambo

Watu wengi hudhani ya kuwa safari ndefu ndiyo itakayo matayarisho mengi, na ya kuwa safari fupi haihitaji ila nauli na mfuko wa nguo. Kijana aendaye ng'ambo kwa miaka mitatu huagwa na jamaa zake wote. Hushauriwa, huombewa, hufundishwa desturi za huko aendako. Bali aendaye kwa wiki tatu huambiwa tu, "Haya, safiri salama, tutaonana mwezi ujao." Lakini tukizisoma habari za wanafunzi wa vyuo vikuu waliokwenda kujifunza katika nchi za mbali, twaona ya kuwa mambo ni kinyume cha hayo. Mwenye mwaka mzima akikosa adabu mwezi wa kwanza, anayo miezi kumi na mmoja ya kujirekebisha na kuomba radhi. Mwenye wiki tatu akikosa, hurudi kwao na kosa lake, na wenyeji hubaki na uchungu wao, wala hapana nafasi ya kupatana. Kwa hiyo kadiri safari inavyokuwa fupi, ndivyo matayarisho yake yapaswavyo kuwa marefu.

Twataka kueleza jinsi neno hili lilivyofahamika polepole, tangu mwaka 1923 hata siku hizi. Habari hizi zatuhusu, maana wanafunzi wa namna hii hufika hata katika vijiji vyetu, wakalala nyumbani mwetu na kula chakula chetu. Na watoto wetu nao, waliopata elimu ya juu, hualikwa kwenda kwao.

Jambo lenyewe si geni kwa wasomaji wa Biblia. Katika kitabu cha Hesabu, mlango wa 13, Musa aliwatuma watu kumi na wawili kuipeleleza nchi ya Kanaani. Safari yao ilikuwa ya siku 40 tu. Kabla hawajaondoka aliwapa maswali ya kwenda kuyatafutia majibu: kama watu wa huko ni hodari au dhaifu, ni wachache au wengi, kama nchi ni njema au mbaya, kama ina miti au haina. Wote waliona mambo yale yale, walakini waliporudi, kumi kati yao walieneza habari mbaya, wakawatia watu hofu, na kwa ajili ya habari zile taifa zima likakaa jangwani miaka 40. Tena katika Injili ya Luka, mlango wa 10, Bwana Yesu alipowatuma wale sabini, wawili wawili, aliwapa maagizo ya njiani: wasichukue mfuko, wakiingia katika nyumba, kwanza waitakie amani, wale walichopewa, wala wasihamehame toka nyumba hii hata nyumba hii. Katika mifano hii miwili mna mambo matatu: kujifunza kabla ya kwenda, adabu nyumbani mwa mwenyeji, na habari zitakazosimuliwa baada ya kurudi. Wanafunzi wa karne ya 20 walijifunza mambo matatu hayo hayo, lakini kwa taabu, moja baada ya jingine.

Tuanze na lile la kwanza. Baada ya Vita Kuu ya miaka ya 1914 hata 1918, katika Chuo Kikuu cha Delaware, nchini Marekani, palikuwa na mwalimu wa lugha za kigeni aliyeitwa Raymond Kirkbride. Mtu huyu alikuwa amepigana vita hivyo katika nchi ya Ufaransa. Aliona ya kuwa mataifa yaliyouana namna ile hayajuani, na ya kuwa kijana hawezi kuijua nchi nyingine kwa kusoma vitabu peke yake. Akamshauri mkuu wa chuo, Walter Hullihen, kwamba wanafunzi wapelekwe Ufaransa kusoma. Fedha za chuo hazikupatikana. Ikabidi kuomba msaada wa watu wenye mali, na Pierre du Pont, tajiri wa jimbo lile, alikuwa miongoni mwa waliosaidia. Tarehe 7 Julai 1923 wanafunzi wanane waliondoka pamoja na mwalimu wao katika meli iitwayo Rochambeau.

Sasa tuangalie jambo moja ambalo wasimuliaji wengi hulipita upesi. Wanafunzi wale hawakupelekwa moja kwa moja katika madarasa ya Paris. Walikwenda kwanza katika mji wa Nancy, mashariki ya Ufaransa, wakafunzwa lugha kwa bidii majira yale ya kiangazi, wakikaa katika nyumba za Wafaransa. Ndipo walipokwenda Paris kusoma katika chuo cha Sorbonne. Kirkbride alifahamu ya kuwa mtu asiyeweza kuuliza njia, wala kushukuru kwa chakula, wala kuelewa mzaha wa mwenyeji wake, hajafika katika nchi ile, hata kama miguu yake imeikanyaga. Hili ndilo fundisho la kwanza. Safari ile ilikuwa ya mwaka mmoja, nao waliweza kutoa wiki nyingi za mwanzo kwa ajili ya lugha. Lakini mtu mwenye wiki tatu hana wiki za kutoa. Kazi ambayo wale wanane waliifanya Nancy, yeye imempasa aimalize kwao, kabla hajaondoka.

Fundisho la pili lilitoka kwa Mmarekani mwingine, Donald Watt. Mwaka 1932 alichukua kikundi cha vijana wa Marekani, akawapeleka Ulaya kwa majira ya kiangazi, wakae kambini pamoja na vijana wa huko. Alitumaini ya kuwa wakila pamoja na kucheza pamoja watakuwa ndugu. Lakini kambi haikuleta matunda aliyoyatazamia, maana katika kambi kila taifa hujikusanya lenyewe, na mgeni huona wageni wenziwe kuliko wenyeji. Kwa hiyo Watt aligeuza njia yake. Akaanza kuwaweka vijana katika nyumba za watu, kila mmoja katika nyumba yake, awe kama mtoto wa nyumba ile: amwite mwenye nyumba baba, na mke wake mama, asaidie kazi, aamke wakati wanapoamka. Chama chake, kilichoitwa The Experiment in International Living, yaani jaribio la kuishi pamoja kwa mataifa, kiliieneza desturi hii, na vyama vingine vingi vikaifuata.

Sisi Waafrika hatuoni ajabu kwamba nyumba ni shule. Wazee wetu walijua zamani ya kuwa mtoto apelekwaye kwa shangazi yake hujifunza mambo ambayo hayafundishwi kwa maneno. Ajabu ni kwamba wenye vyuo vikuu walihitaji kulijaribu jambo hili kwanza ili walisadiki.

Fundisho la tatu ndilo lililokuja Afrika, nalo lilianzishwa na mchungaji. James Herman Robinson alizaliwa mwaka 1907 katika mji wa Knoxville, jimbo la Tennessee, katika jamaa maskini ya watu weusi, wakati ule ambao mtu mweusi wa kusini mwa Marekani alitengwa shuleni, garini na hata kanisani. Kwa taabu nyingi alifika Chuo Kikuu cha Lincoln, katika Pennsylvania, chuo kile kile walichosoma Nnamdi Azikiwe wa Nigeria na Kwame Nkrumah wa Ghana. Baadaye akasoma elimu ya dini katika New York, na mwaka 1938 akaanza utumishi wake katika kanisa la Kipresbiteri liitwalo Church of the Master, mtaani Harlem. Huko aliwaita wanafunzi wa vyuo vikuu, weupe kwa weusi, wawatunze watoto wa Harlem katika kambi za kiangazi alizozianzisha katika jimbo la New Hampshire. Hapo akaona kwa macho yake ya kuwa watu waliofundishwa kudharauliana hupoteza dharau wanapochimba msingi mmoja na kubeba ubao mmoja.

Katika miaka ya 1950 Robinson alisafiri Asia na Afrika, akarudi na wazo kubwa. Mwaka 1958 alipeleka kundi la kwanza la wanafunzi wapata 60 Afrika ya Magharibi: Liberia, Sierra Leone, Ghana, Nigeria na Kameruni. Kazi hiyo aliipa jina la Operation Crossroads Africa, maana aliona ya kuwa Afrika imesimama katika njia panda. Kweli ilikuwa hivyo. Katika nchi hizo tano, ni Liberia na Ghana tu zilizokuwa na uhuru mwaka ule. Nigeria na Kameruni zilipata uhuru mwaka 1960, na Sierra Leone mwaka 1961. Safari yenyewe ilikuwa fupi, ya majira ya kiangazi tu. Wanafunzi walijenga pamoja na vijana wa Kiafrika, bega kwa bega, wakilala mahali pamoja na kula chakula kimoja.

Methali yetu yasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Robinson hakungoja siku ya tatu. Wageni wake walijua toka kwao ya kuwa wanakuja kushika jembe, wala hawakuja kutazama. Lakini kushika jembe si jambo rahisi kwa mtu aliyezoea kalamu, na kushika jembe chini ya uongozi wa mwenyeji ni vigumu zaidi kwa mtu aliyefundishwa tangu utoto ya kuwa Afrika yangoja kuongozwa. Kwa hiyo matayarisho yakawa ya moyo kuliko ya mizigo. Ilikuwa lazima wasome habari za nchi waendazo. Kisha wakakusanyika kwao Marekani kwa mafunzo kabla ya kuondoka. Nao walitazamiwa kwamba wakirudi watawasimulia watu wa kwao mambo waliyoyaona.

Kulikuwa na sehemu nyingine ya matayarisho hayo ambayo ilikuwa chungu. Mwezi wa Septemba 1957, katika mji wa Little Rock, jimbo la Arkansas, wanafunzi tisa weusi walizuiliwa kuingia shule ya watu weupe, hata Rais Eisenhower akapeleka askari kuwalinda. Habari hizo zilienea ulimwenguni kote. Basi vijana wa Robinson, weupe kwa weusi pamoja, walikuja Afrika chini ya mwaka mmoja baada ya mambo yale. Mtu aliyesoma habari za Ghana bila kusoma habari za Little Rock, angejibu nini akiulizwa na mwanafunzi wa Accra, "Mbona kwenu watoto weusi wanafukuzwa shuleni?" Hapo twajifunza ya kuwa msafiri hana budi kuijua nchi yake mwenyewe kabla ya kwenda kuichunguza nchi ya mtu mwingine. Mwenyeji naye ana maswali, na ana haki ya kujibiwa kwa kweli.

Kazi ya mchungaji huyo ilizaa matunda ambayo hata Tanganyika iliyaona. Mwaka 1961 Rais Kennedy wa Marekani alianzisha Peace Corps, yaani kikosi cha amani, cha kupeleka vijana kufanya kazi katika nchi nyingine kwa muda wa miaka miwili. Mkuu wake wa kwanza, Sargent Shriver, alikuwa amesafiri ujanani mwake, mwaka 1934, katika safari za chama cha Donald Watt. Naye Kennedy mwenyewe, alipowaaga wanafunzi wa Robinson mwaka 1962, alikiri ya kuwa kazi yao ndiyo iliyotangulia kikosi chake. Miongoni mwa vikundi vya kwanza kabisa vya kikosi hicho kimoja kilikuwa cha Tanganyika, cha wapimaji wa ardhi na mainjinia na wajuzi wa miamba. Walifunzwa kwanza katika mji wa El Paso, jimbo la Texas, na Kiswahili kilikuwa katika masomo yao. Wakafika kwetu mwaka ule ule wa 1961, kabla ya bendera ya uhuru kupandishwa tarehe 9 Desemba.

Lakini mwaka huo huo lilitokea jambo lililoonyesha ya kuwa matayarisho yaweza kuwa mengi na bado yakawa na tundu. Kundi jingine la kikosi hicho lilikuwa limefunzwa katika chuo kikuu chenye sifa kubwa cha Marekani, kisha likapelekwa Ibadan, nchini Nigeria, kuendelea na mafunzo. Katika mwezi wa Oktoba msichana mmoja wa kundi hilo alimwandikia rafiki yake kadi ya posta, akieleza umaskini aliouona mjini, na jinsi watu wanavyofanya mambo yao yote barabarani. Kadi ile ilipotea kabla ya kufika posta. Mwanafunzi wa Kinigeria akaiokota; ikanakiliwa, ikasambazwa chuoni. Wanafunzi wa Ibadan wakakasirika sana, wakafanya mkutano, wakataka kundi lote lifukuzwe. Msichana aliomba radhi, akaondoka Nigeria. Habari hizo zikatangazwa katika magazeti ya dunia.

Tusimhukumu mno msichana yule. Hakuandika kwa kusudi la kuwatukana watu, na huenda aliyoyaandika aliyaona kweli kwa macho yake. Wapelelezi kumi wa Musa nao waliyaona majitu kwa macho yao. Kosa halikuwa katika macho. Alifundishwa habari za Nigeria, lakini hakujua kwa moyo ya kuwa Wanigeria nao husoma, na ya kuwa neno lolote aandikalo mgeni juu ya mwenyeji laweza kusomwa na mwenyeji. Siku zile ilihitajika kadi ianguke njiani ili neno lijulikane. Siku hizi mgeni hupiga picha kwa simu yake, akaandika maneno chini yake, na kabla hajalala watu wa nchi kumi wamekwisha kuisoma, na pengine mwenye nyumba alimolala ni mmoja wao. Kwa hiyo fundisho hili la nne, la kuchunga kalamu, ni zito leo kuliko mwaka 1961.

Kwa nini mtu mwema aandike hivyo? Jibu lilikuwa limekwisha kutolewa na mtaalamu aitwaye Kalervo Oberg. Mtu huyu alipata kukaa Ankole, nchini Uganda, akichunguza utawala wa Mugabe, mfalme wa nchi ile, na maandishi yake juu ya ufalme huo yalichapishwa mwaka 1940. Miaka kadha baadaye alifanya kazi Brazil, na mwaka 1954, katika mji wa Rio de Janeiro, alitoa hotuba mbele ya chama cha wanawake juu ya ugonjwa wa moyo umpatao mtu ahamaye ghafula toka nchi yake. Aliuita mshtuko wa utamaduni. Sababu yake, alisema, ni kupotewa na alama ndogo ndogo zituongozazo kila siku bila sisi kujua: wakati gani wa kupeana mkono, namna ya kuagiza kitu dukani, lini kukubali mwaliko na lini kukataa, neno gani ni la kweli na lipi ni la mzaha. Mtu aliyepotewa na alama hizo huwa kama samaki aliyetolewa majini.

Oberg alieleza ya kuwa ugonjwa huo una hatua nne. Katika hatua ya kwanza kila kitu humpendeza mgeni, na furaha hiyo yaweza kudumu siku chache au hata miezi sita. Katika ya pili huanza kunung'unika. Hukaa na watu wa kwao, na kuwasema wenyeji vibaya. Katika ya tatu huanza kuijua lugha na njia, na hata kujicheka mwenyewe. Katika ya nne huzikubali desturi za nchi ile kuwa ni njia nyingine ya kuishi, si mbaya wala si ya ajabu.

Hapa ndipo palipo kiini cha maneno yetu. Mwanafunzi wa mwaka mzima anaweza kupita hatua hizo zote nne. Mwanafunzi wa wiki tatu huondoka angali katika ya kwanza, au mara tu aingiapo katika ya pili. Akiondoka katika ya kwanza, hurudi akisema ya kuwa watu wa kijiji fulani ni maskini lakini wana furaha siku zote. Sisi wenye vijiji twajua maana ya furaha ile. Mama alicheka kwa kuwa ana mgeni, na ni aibu kumwonyesha mgeni machozi. Ada ya shule iliyomkosesha usingizi hakuitaja. Akiondoka katika ya pili, hurudi akisema ya kuwa watu wale ni wavivu, tena wachafu, tena hawaaminiki. Habari zote mbili ni za uongo, ingawa msemaji si mwongo. Wakati haukumtosha. Basi kwa kuwa wakati hauongezeki, matayarisho hayana budi kufanya sehemu ya kazi ya wakati: kumweleza mapema ya kuwa atapendezwa mno, kisha atachukizwa mno, na ya kuwa asiamini hukumu ya moyo wake katika siku zile, bali aulize na angoje.

Jambo hili si dogo siku hizi, maana safari fupi zimekuwa nyingi kuliko ndefu. Katika Marekani, zaidi ya nusu ya wanafunzi waendao kusoma ng'ambo huenda kwa majira ya kiangazi, au kwa wiki nane na pungufu. Katika Ulaya, mpango uitwao Erasmus, jina likumbushalo yule mtaalamu wa Rotterdam aliyelichapisha Agano Jipya la Kiyunani mwaka 1516, ulianza mwaka 1987 kwa wanafunzi 3,244 wa nchi 11. Nao wakati ule walikwenda kwa miezi mingi. Tangu mwaka 2021 mpango huo umeruhusu pia safari za siku 5 hata 30. Sababu zake zaeleweka. Safari fupi haina gharama kubwa. Mwanafunzi maskini, au mwenye kazi, au mwenye mtoto wa kulea, aweza kwenda. Hatusemi zikomeshwe. Wale 60 wa Robinson walikwenda kwa kiangazi kimoja tu, na kazi yao ikafungua njia kwa maelfu. Twasema tu ya kuwa ubora wa safari fupi hutengenezwa kabla ya kuondoka.

Matayarisho mema ni yapi basi? Kwa mwili, mwanafunzi ajaye kwetu hupimwa na daktari, huchanjwa, hupata dawa za kuzuia malaria, ambazo nyingine huanza kumezwa kabla ya safari. Hayo hayasahauliki, maana kila mtu huogopa homa. Yasahauliwayo ni mengine. Kwanza, lugha: hata maneno mia moja yatosha, ikiwa ndani yake mna salamu za asubuhi na za jioni, na shikamoo kwa mzee, na pole kwa mwenye kazi, na asante kwa mpishi. Pili, ajue habari za nchi aendayo na za nchi yake pia, yakiwamo mambo ya aibu. Tatu, afahamu mpaka wa kazi yake. Mwanafunzi asiyeruhusiwa kumdunga mgonjwa sindano kwao, asimdunge mgonjwa katika zahanati yetu. Umaskini wa mgonjwa haumgeuzi mwanafunzi kuwa daktari. Nne, achunge kalamu na kamera, wala asipige picha ya mtoto bila idhini ya wazazi. Tano, afikiri mapema atasema nini atakaporudi, na kwa nani, na kama angethubutu kuyasema mbele ya mwenyeji wake.

Lakini kuna upande mmoja uliosahauliwa karibu katika habari hizi zote, nao ni upande wetu. Vitabu vya kumtayarisha mgeni ni vingi. Cha kumtayarisha mwenyeji huonekana kwa nadra. Mara nyingi mama wa nyumba huambiwa, "Kesho utapata mgeni," basi. Hajui mgeni hula nini, atakaa siku ngapi, ametoka wapi, wala anataka kujifunza nini. Mgeni ni kuku mweupe. Kila mtu humwona. Mwenyeji naye ni mwalimu wa mgeni huyo, na hakuna mwalimu aingiaye darasani bila kujua somo.

Kwa hiyo twashauri ndugu zetu katika vijiji na sharika. Kiongozi wa wanafunzi akija kuomba mahali, wazee wakae naye chini wamwulize: wako wangapi, watakaa siku ngapi, ni nani atakayenunua chakula, kazi watakayoifanya ilichaguliwa na nani, na vijana wetu watashiriki namna gani. Asiyeweza kujibu maswali hayo hajajitayarisha, wala si vibaya kumwambia arudi mwaka ujao. Masomo ya shule yasivunjwe siku nzima kwa ajili ya wageni. Watoto si wa kuonyeshwa. Mgeni akikosea, aambiwe siku ile ile kwa upole, kwa maana hana mwezi wa pili wa kujifunza kwa kunyamaziwa. Tusimfiche umaskini wetu kwa kuona haya, wala tusimtangazie ili atoe fedha. Tumwonyeshe maisha kama yalivyo, pamoja na akili tunayoitumia kuyaendesha. Tukifanya hivyo, hata wiki tatu zaweza kumfundisha neno la kweli.

Na mtoto wetu akialikwa kwenda ng'ambo kwa siku chache, tusimwache aende na koti na picha za kupiga tu. Atakuwa kuku mweupe wa huko. Ataulizwa juu ya mila zetu, serikali yetu, kanisa letu, mapigano ya jirani zetu, na wengine watamwuliza kwa ujinga ambao si uovu. Akae kwanza na wazee ajifunze habari za kwao, kwa kuwa kijana asiyejua historia ya kijiji chake hana la kumweleza mtu wa Nancy au wa New York. Tena afahamu ya kuwa katika majuma yale machache ataona taa na barabara na maduka, lakini hataona kodi, wala upweke wa wazee, wala hofu ya mtu aliyepoteza kazi. Naye asije akarudi na habari za wapelelezi, akiwafanya wenziwe wajione kama panzi.

Yoshua na Kalebu walikwenda siku 40 zile zile, wakaona miji ile ile yenye maboma, wakarudi na neno jingine. Hawakuwa na muda zaidi ya wenzao, wala macho zaidi. Walikuwa wameondoka na moyo uliotengenezwa. Moyo huo hautiwi katika sanduku usiku wa kuamkia safari, bali hutengenezwa nyumbani, shuleni na kanisani, miaka mingi kabla ya mtu kupata nauli.